Nilivyomhesabia Mjomba Siku Zake za Ulaya

Mjomba alikuja kwetu Euless, Texas, mwezi wa Juni na begi moja la nguo na lingine la vifaa, na siku hiyo hiyo nikatolewa chumbani mwangu. Hakuna aliyeniuliza. Mamangu alivua shuka zangu, akatandika zile za wageni, akaniambia kochi ni kubwa na mimi ni mwembamba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza high school mwaka uliopita, nilikuwa napanga mizigo kwa kampuni moja pale karibu na airport, na nilikuwa najisomea mtihani wa kuingia chuo cha unesi. Mtihani ulikuwa mwanzo wa Septemba. Nilihitaji mlango wa kufunga, basi. Sikuwa nimeomba kitu kingine chochote kwa hiyo nyumba.

Nikauliza atakaa mpaka lini.

“Mpaka Ulaya imrudishie siku zake,” mamangu akasema.

Nikadhani anatania. Ilinichukua wiki nzima kuelewa, kwa hivyo wacha nieleze mara moja.

Mjomba ni kaka mkubwa wa mamangu. Alienda Uingereza akiwa kijana, akapata uraia huko, akawa fundi wa mikanda. Hii mikanda mirefu ya raba inayobeba maboksi ndani ya warehouse, mtu lazima aifunge, ainyooshe, ahakikishe haivuti upande. Huyo ndiye yeye. Hajawahi kuandikwa kazi ya kudumu. Ni kontrakti juu ya kontrakti. Zamani alikuwa anapigiwa simu Jumatatu, Jumatano yuko Ubelgiji, mwezi unaofuata yuko Ujerumani, halafu Uhispania. Alikuwa na chumba Uholanzi, anakishiriki na mafundi wengine wawili, na Uingereza alikuwa anaiona Krismasi tu. Pasipoti ilikuwa inafungua mlango wowote na hakuna aliyemuuliza ataondoka lini.

Halafu Uingereza ikatoka kwa Umoja wa Ulaya, na ule uhuru ukaisha. Sasa anapewa siku tisini ndani ya kila siku mia moja na themanini, na zile nchi zote zinahesabiwa kama nchi moja. Tisini zikiisha, toka. Chumba cha Uholanzi kikaenda. Uingereza hakuwa na nyumba, maana hajawahi kuishi huko vizuri tangu akiwa na miaka thelathini. Kwa hivyo siku zake zilipoisha mwezi wa sita, alipanda ndege akaja kungojea kwa dada yake Texas. Na hapa pia, mgeni wa pasipoti yake anapewa siku tisini, bila kufanya kazi. Huko tisini, hapa tisini. Mzee wa miaka hamsini na mbili, na begi la spana.

Kitu alichokuwa anangojea ni kimoja. Kulikuwa na kontrakti ya wiki sita Ujerumani, warehouse mpya kabisa, inaanza mwisho wa Agosti. Ajensi yake ilikuwa imeshamnyima kazi mbili kwa sababu ya hizo siku, na matangazo yao mengi sasa yalikuwa yanasema wazi kwamba wanataka wenye pasipoti ya Ulaya tu. Lakini bosi wa hii kazi alikuwa anamjua tangu zamani. Alimwahidi kwamba akiifanya hii yote, mwanzo mpaka mwisho, kampuni itamwombea kibali cha kazi cha miaka miwili. Akishapata kibali, hakuna tena kuhesabu. Asipopata, ufundi wake umekwisha. Alituambia hivyo siku ya kwanza mezani, akitabasamu, kama mtu anayesimulia habari za jirani.

Papa alimsikiliza mpaka mwisho. Papa ni mume wa mamangu, Mkongo wa Bukavu. Ndiyo maana nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili, kwa sababu yeye hajui Kiluhya na sisi hatujui Kifaransa. Alikaa kambi ya wakimbizi Kigoma miaka kumi na moja kabla ya kuletwa Fort Worth. Anafanya kazi warehouse, amesimama kando ya mkanda kama wa mjomba masaa kumi kwa siku, na mgongo wake umeshakataa.

“Donc,” Papa akasema, “weye uko na pasipoti ya Malkia, na unatafuta fasi ya kulala.”

“Siku hizi ni Mfalme,” mjomba akasema.

“Pardon, Excellence.”

Jina likashika hapo hapo, Excellence, yaani Mheshimiwa. Kuanzia hiyo siku, kila Papa akifungua mlango kutoka kazini, kabla hata hajavua buti, alikuwa anauliza: “Excellence, leo umebakisha ngapi?” Na mjomba alikuwa anajibu. Wiki ya kwanza alijibu akicheka. Wiki ya tatu alijibu tu. Kufika Julai katikati alikuwa anakula mapema, anaosha sahani yake, ili Papa akiingia amkute tayari yuko chumbani. Chumbani mwangu. Papa akawa anaulizia mlangoni, kwa sauti ya mtu wa hospitali: mgonjwa amebakisha ngapi?

Sikumhurumia. Nilikuwa nalala sebuleni, na Papa alikuwa anawasha TV saa kumi na moja asubuhi akinywa chai. Nilikuwa nasomea kwenye bafu, nimekaa juu ya choo na kitabu magotini. Mjomba naye alikuwa haachi vitu. Alifungua mashine ya kukausha nguo akaitengeneza kelele ambayo hatukuwa tumeilalamikia. Alikaza bawaba za kabati zote. Aliondoa picha zangu ndani ya mlango wa closet akabandika kalenda ya kanisa, ile ya Wakenya ya Grand Prairie, akawa anaweka alama mbili kila asubuhi: nyekundu kwa siku ya Amerika iliyotumika, bluu kwa siku ya Ulaya aliyodhani inarudi. Picha zangu alizipanga vizuri ndani ya bahasha akaandika juu yake “za Mama.”

Mama ni mimi. Mimi nimepewa jina la nyanyangu, mamake yeye na mamangu, na kwetu mtoto akipewa jina la mtu, ni yule mtu. Mjomba hajawahi kuniita kitu kingine. Tangu nikiwa mdogo, kwenye simu, “Mama, hujambo? Mama, umekula?” Mzee mzima ananiita mama yake. Nikiwa na miaka saba ilikuwa inanifurahisha. Nikiwa na kumi na tisa, nimelala kochini na shingo imepinda, ilikuwa inanichosha.

Sasa, kuna Jumapili moja ambayo lazima niiandike.

Tulikuwa tumetoka kanisani, tunakula fufu na sombe, kile kisamvu cha Kikongo. Papa alikuwa na furaha, na akiwa na furaha ni mbaya zaidi. Akamuuliza mjomba ni nani hasa aliyeitoa Uingereza huko Ulaya, ni mfalme au ni bunge. Mjomba akasema ilikuwa ni kura. Watu walipiga. Papa akauliza, na weye?

Mjomba akanawa vidole kwanza. Halafu akasema, “Nilipiga kura tutoke.”

Mamangu alishika kijiko juu ya bakuli.

Akajieleza. Alisema mafundi wa Romania na Poland walikuwa wanakuja na kuchukua kazi kwa nusu ya bei yake, na yule aliyekuwa anafunga naye mikanda alimwambia tukitoka, hao watafungiwa nje. Alidhani mlango utafungwa upande mmoja. “Nilidhani ni wao,” akasema. “Sikudhani ni mimi.”

Papa aliweka tonge chini. Alicheka mpaka akakohoa, akainuka, akashika ukuta, akarudi. Kisha akachukua simu, akaenda balcony, na tukamsikia akimsimulia rafiki yake kwa Kifaransa na Kiswahili, akirudia sehemu moja mara tatu: alijifukuza mwenyewe, mwenyewe, na mukono wake. Kesho yake kazini kwao Fort Worth walikuwa wote wanaijua. Wakongo wa ile shifti walimpa mjomba jina, “Bwana Nimejifukuza,” na Papa alilileta nyumbani kama zawadi.

Mamangu alikusanya sahani, na akachukua ya mjomba pia, na mjomba alikuwa hajamaliza.

Mimi nilicheka. Naandika ukweli. Nilicheka na nikafikiria: vizuri. Maana mpaka hapo nilikuwa na kahuruma kadogo kananiwasha, na sasa nilikuwa na sababu ya kukatupa.

Katikati ya Agosti, siku kumi na mbili kabla ya kusafiri, mjomba aliniita mezani. Ilikuwa karibu saa sita mchana, na nilikuwa naingia kazini saa nane. Alikuwa amefungua pasipoti na ameweka karatasi ya kalenda kando yake. Akaniambia zamani ajensi ilikuwa na dada wa ofisini aliyekuwa anawahesabia mafundi wote siku zao, lakini huyo ameacha kazi, na sasa kila mtu anajihesabia na anasaini form kwamba siku zake zinatosha kontrakti nzima. Ukikosea, ni juu yako.

“Mimi naona ziko sawa,” akasema. “Niliingia mwezi wa tatu. Siku mia na themanini zinaisha tarehe ishirini na saba. Ishirini na nane naanza upya na tisini zangu. Mafundi wote wanahesabu hivyo. Lakini wewe umetoka shule juzi, Mama. Hebu niangalizie kwa kompyuta.”

Nilifungua laptop. Kuna calculator ya hizo siku kwenye mtandao, unaandika siku ulizoingia na siku ulizotoka. Yeye akawa anasoma mihuri, pasipoti ameisogeza mbali na macho, na mimi naandika. Kwanza, siku thelathini na tano Ujerumani. Halafu alirudi Uingereza siku ishirini, kumzika yule aliyekuwa anafunga naye mikanda, yule yule wa mambo ya kura, na kumsaidia mjane kuondoa vitu. Halafu tena siku hamsini na tano Ubelgiji. Jumla tisini.

Nikabonyeza. Calculator ikasema anaweza kuingia tarehe ishirini na nane. Na ikasema anaweza kukaa siku thelathini na tano.

Kontrakti ilikuwa ya siku arobaini na mbili.

Nilisoma maelezo pale chini, haraka, na nikaelewa ni nini yeye na mafundi wenzake hawakuelewa. Hakuna kuanza upya. Siku hazirudi zote kwa pamoja. Kila siku uliyotumia inarudi peke yake, ikishatimiza zake mia na themanini. Kwa hivyo zile thelathini na tano za kwanza zingemrudia moja moja akiwa huko, na baada ya hapo zingekuja siku ishirini tupu, za mazishi, ambazo hazimrudishii kitu kwa sababu hakuwa ametumia kitu. Wiki moja ya mwisho ya kazi angekuwa ndani bila ruhusa.

Nikabadilisha tarehe nione. Akiingia siku ishirini baadaye, katikati ya Septemba, zote arobaini na mbili zinapita, kijani kutoka juu mpaka chini. Na hapa Texas alikuwa bado na siku za kutosha kungojea, zingeisha siku mbili tu baada ya hapo. Kila kitu kilikuwa kinaingia kama kimepimwa. Kilichotakiwa ni apigie bosi simu moja aombe wiki tatu. Na akae wiki tatu zaidi chumbani mwangu.

Mtihani ulikuwa tarehe nane Septemba.

Sitaki kusema sikuelewa. Sitaki kusema calculator ilinichanganya. Nilikaa pale pengine dakika moja. Niliangalia saa ya laptop, nikaangalia kochi, blanketi langu limekunjwa mwishoni kama la mtu wa kambi, na nikafikiria: wiki moja tu. Nani atahesabu wiki moja? Na nikafikiria, alijitakia. Hilo la pili ndilo lililonisaidia.

“Vipi, Mama? Zinatosha?”

“Zinatosha, Mjomba,” nikasema, na nikafunga laptop.

Alipumua, mabega yakashuka. Akafungua form kwenye simu na akasaini kwa kidole, pale pale, ulimi umetoka kidogo kama mtoto wa nursery. Halafu akaenda jikoni akanitengenezea chai ya maziwa, nikamwambia nimechelewa, akaniwekea kwa kikombe cha gari. Akasema nyanya naye alikuwa hivyo, sokoni hakuna aliyeweza kumdanganya hesabu.

Siku mbili baadaye nilimwambia Papa. Gari langu lilikuwa kwa fundi na yeye ndiye alikuwa ananipeleka kazini. Tukiwa kwenye freeway nikamweleza yote, siku thelathini na tano, siku arobaini na mbili, wiki tatu. Nadhani nilitaka aniambie rudi ukaseme. Angesema hivyo ningesema, kwa kununa, lakini ningesema.

Papa aliendesha mpaka exit yangu. Tulipofika kwenye taa akasema:

“Miye nilikaa myaka kumi na moja mu kambi. Ulisikia mutu alinihesabia siku?”

Nikasema hapana.

“Wacha aende. Ye njo alitaka mipaka. Wacha imuonyeshe.”

Taa ikawa kijani. Akaniambia mamangu asijue, akaongeza redio, na aliponishusha akanitakia kazi njema kama kawaida.

Zilibaki siku kumi. Nilikuwa na mdomo siku zote kumi. Mjomba alikunja shuka za wageni mwenyewe asubuhi ya safari, akafagia, akatoa nywele kwenye drain ya bafu, nywele zangu. Mlangoni Papa alimsimamia wima kama askari na akapiga saluti. Airport ni dakika kumi kutoka kwetu, na ni mimi niliyempeleka. Alinipa mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema akipata kibali, mara nyingine atakuja na kulala hotelini, kwa sababu anajua alinibana. Nikamwambia hukunibana, Mjomba. Nikawasha indicator.

Mchana huo nilitandika shuka zangu, nikafunga mlango, nikalala masaa manne. Nililala vizuri. Mtihani nilipita.

Ujerumani alinitumia picha. Siku nane za kwanza zilikuwa picha za ukumbi mkubwa mtupu, kwa sababu roller za mikanda zilikuwa hazijafika kutoka kiwandani. Alikuwa anakaa kwenye nyumba ya wageni na mafundi wengine, wanakula mkate na kucheza karata. “Mama, siku zinaliwa bure hapa,” akaniandikia. Nikajibu na kidole gumba. Niliona vizuri kabisa maana yake. Angekuwa amechelewa, wangemngoja, maana hata kazi yenyewe ilikuwa inangoja.

Roller zikafika, wakafanya kazi hata Jumapili, wakamaliza siku ya arobaini na mbili kama mkataba ulivyosema. Bosi akamwambia atume nakala ya pasipoti waanze kibali. Nina picha yake ya mwisho, amesimama kando ya mkanda unaotembea, ameweka sarafu juu yake kuonyesha kwamba haitikisiki.

Airport ya huko sasa hakuna mtu wa kugonga muhuri bila kuangalia. Kuna mashine, inachukua uso na vidole, na inahesabu yenyewe. Mashine ilimhesabia. Taa nyekundu, akaambiwa asimame kando. Afisa alimgeuzia screen amwonyeshe: siku saba. Walimweka kwenye chumba masaa matatu, wakamuuliza alikuwa anafanya nini hizo siku saba, na yeye akasema ukweli, alikuwa anafanya kazi. Hakujua kwamba jibu hilo ni baya zaidi ya yote. Akapewa karatasi: mwaka mmoja asikanyage nchi yoyote kati ya hizo. Ajensi haikumpigia hata simu. Ilimtumia ile form, na saini yake ya kidole pale chini.

Haya yote alitusimulia yeye mwenyewe Jumapili iliyofuata, simu iko katikati ya meza, kwenye spika. Alikuwa kwenye sofa ya yule mjane wa rafiki yake. Hakuwa analia. Alikuwa anaongea taratibu na anarudia mambo madogo, kwamba chumba hakikuwa na dirisha, kwamba afisa alikuwa msichana wa rika langu na alikuwa na adabu.

Mamangu alimuuliza kibali je.

“Hakuna kibali tena,” akasema. “Nani ataombea kibali mtu aliyefukuzwa? Hiyo imekwisha.”

Mamangu akaniangalia. “Na si mtoto alikuhesabia?”

Nilikuwa nimeshika uma.

“Usimlaumu Mama,” mjomba akasema. “Yeye alihesabu alichosomewa. Mimi ndiye niliyemsomea mihuri, na miwani sina. Nilisoma vibaya. Mama, unanisikia? Si wewe.”

Nikasema nasikia.

Papa alikuwa ameegemea friji. Kwa muda nilidhani atanyamaza, maana uso wake ulikuwa umebadilika kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu alichoacha kwenye moto. Halafu akainama karibu na simu.

“Excellence,” akasema, “sasa umebakisha ngapi?”

Mjomba akajibu, sauti ile ile ya wiki ya kwanza, ya kucheka:

“Mia tatu hamsini na tisa, shemeji.”

Na tukacheka. Sote. Mamangu pia, na kiganja juu ya mdomo. Alikuwa ametupa ruhusa na tukaichukua.

Mimi sasa niko Stafford, karibu na Houston. Chuo kilinichukua kuanzia Januari, na ninakaa kwa rafiki ya mamangu wa kanisani, nesi, ambaye ana chumba cha ziada. Kwa hivyo kile chumba cha Euless nilichokipigania nilikitumia miezi minne. Mamangu ameweka maboksi ya viatu humo na mashine ya kukimbilia ambayo hakuna anayeikimbilia. Kalenda bado iko ndani ya closet. Nilijaribu kuibandua nikiwa napakia vitu na gundi ikatoka na rangi ya mlango, nikaiacha.

Mjomba anafanya kazi kwenye warehouse, Uingereza, shifti za mchana. Anapanga maboksi. Aliniambia ule mkanda wao umefungwa vibaya, unavuta kushoto, na alimwambia supervisor kwamba anaweza kuunyoosha kwa nusu saa na spana mbili. Supervisor akamwambia ashughulike na maboksi. Mgongo umeanza kumsumbua. Papa alipoambiwa hivyo alisema karibu kwenye chama cha migongo, na akamtumia kupitia mamangu jina la dawa ya kuchua.

Kila mwisho wa mwezi ananiandikia. “Mama, nihesabie zimebaki ngapi.” Angeweza kuhesabu mwenyewe, ni kutoa tu, lakini anasema haamini tena macho yake. Nahesabu mara mbili. Nahesabu kwa kalenda halafu nahesabu kwa calculator, na sijakosea hata siku moja, na kila mara anajibu asante na kuniombea Mungu.

Mwezi uliopita hakuuliza siku. Mamangu ndiye alinipigia. Alisema mjane anauza nyumba na mjomba hana pa kwenda kwa sasa, na kwamba ameuliza, kwa aibu sana, kama anaweza kuja tena hizo siku tisini, apumzishe mgongo na aangalie la kufanya. Mamangu alisema hataki kumjibu kabla ya kuniuliza, kwa sababu mara ile nililia sana kuhusu chumba, na chumba ni changu.

Nilikuwa nimekaa kwenye gari nje ya maktaba. Ningemwambia hapo hapo: Mum, mwache aje, na kuna jambo nataka kukuambia. Maneno yalikuwa hayo tu. Lakini nilifikiria mjomba mezani kwetu siku tisini, na mimi nikija wikendi, na yeye akinisogezea kikombe cha chai na kuniita Mama, na Papa akiniangalia kutoka kwenye friji.

Nikamwambia mamangu nitakihitaji wakati wa likizo.

Akasema sawa, atamwambia. Likizo ilikuwa wiki iliyopita. Sikwenda.